Kilo za Watu

Kifaa kipya ndicho kinacholaumiwa kwanza. Juzi kompyuta ilikuwa inafanya kazi, jana imefungwa diski mpya, leo Windows inakataa kuingia. Basi diski ni feki, aliyeiuza ni tapeli, irudishwe dukani Tunduma. Hukumu hiyo nimeisikia mezani kwangu kwa miaka mingi, kwa wateja na kwa mafundi wenzangu, na mara nyingi hutolewa kabla mtu hajasoma maneno yaliyoandikwa kwenye skrini. Ni kweli kwamba kilichobadilishwa mwisho ndipo pa kuanzia kuchunguza. Lakini pa kuanzia si pa kumalizia, na kazi iliyonionyesha uzito wa tofauti hiyo niliifanya Igamba, wilayani Mbozi, msimu wa kahawa wa 2022.

Anayeijua Mbozi anajua msimu unavyokuwa. Kuanzia katikati ya mwaka kahawa huiva, ikachumwa, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye vichanja, kisha ikapelekwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, ambacho siku hizi kila mtu hukiita AMCOS. Pale hupimwa. Mkulima hupewa stakabadhi yenye jina lake, tarehe na kilo. Karani huziingiza kilo hizo kwenye kompyuta. Na kahawa ikishauzwa, malipo hugawanywa kwa kufuata orodha hiyo. Kwa hiyo laptopu ya ofisi ya ushirika imebeba ada za shule, mabati, na mbolea ya msimu unaofuata. Mkulima akipunjwa kilo kumi, amepunjwa kitu alichokichuma punje kwa punje.

Karani wa chama kimoja cha huko alinipigia simu nikiwa Tunduma. "Kaka fundi, habari za kazi? Kompyuta yetu imekataa kupigwa Windows. Mwenyekiti anasema hii diski mpya turudishe tu."

Nilimwomba asinieleze imekataaje. Nilimwomba aipige picha skrini nzima, pembe kwa pembe, anitumie kwa WhatsApp. Hili ni jambo ninalolishikilia sana. Mtu akieleza kwa mdomo, maelezo yake huwa yamekwishachanganyika na anachokiamini: atasema diski imekufa, mashine ina virusi, umeme umeipiga. Picha haina imani yoyote. Na mitambo hii, tofauti na mingi, inajieleza yenyewe ikishindwa. Aliyeandika programu alikaa akafikiria namna kazi inavyoweza kukwama na akaacha sentensi kwa ajili ya mtu atakayekuwa mbele ya skrini siku hiyo. Kuipita sentensi hiyo bila kuisoma ni kumdharau mtu aliyejaribu kutusaidia.

Picha ilipofika, sentensi yenyewe ilikuwa wazi. Ilisema Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski ile kwa sababu diski ina jedwali la aina ya MBR, na kompyuta iliyowashwa kwa njia ya EFI inakubali jedwali la GPT tu.

Kila diski inahitaji jedwali, yaani orodha inayosema sehemu zake (patisheni) zinaanzia wapi na kuishia wapi. Orodha ya zamani, MBR, ilikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, enzi ambazo diski ya megabaiti 10 ilikuwa mali kubwa. Inakaa kwenye baiti 512 za mwanzo za diski, ina nafasi ya patisheni kuu nne tu, na kwa kawaida haiwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 hivi. Orodha mpya, GPT, ilitoka kwenye kazi ya Intel ya kutafuta njia bora ya kuwasha kompyuta, iliyoitwa EFI, na mwaka 2005 kazi hiyo ilikabidhiwa umoja wa makampuni unaoitwa UEFI Forum. Mashine nyingi zilizotengenezwa karibu na mwaka 2012, kama ile laptopu ya Igamba, zimesimama katikati: zinaweza kuwaka kwa njia ya zamani ya BIOS na kwa njia mpya ya UEFI pia. Ukichomeka flashi yenye Windows na kufungua menyu ya kuwashia, unaweza kuikuta flashi hiyo hiyo imeorodheshwa mara mbili, sehemu moja ikiwa na neno UEFI mbele yake. Ukichagua hiyo, Windows itadai GPT. Ukichagua nyingine, itadai MBR. Watu wengi huibonyeza yoyote iliyo juu, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kabla hata sijapanda gari, picha ile ilikuwa imeshaniambia kitu kuhusu diski. Ili kompyuta ijue kwamba jedwali ni la MBR, ilibidi iende kwenye diski, isome, na irudi na jibu. Diski iliyokufa haisomeki jedwali. Shitaka la kwanza dhidi ya ile diski mpya, SSD isiyo na sehemu inayozunguka, lilikuwa limekanushwa na ujumbe ule ule ambao watu waliutumia kuishitaki.

Nilipita Vwawa kwenye barabara kuu, na mchana nilikuwa Igamba. Ofisini nilimkuta karani, mjumbe mmoja wa bodi, na mzee mwenyekiti akiwa ameketi kwenye benchi karibu na mizani. "Shikamoo mzee." "Marahaba, fundi. Hiyo diski wametuibia. Wamesema gigabaiti 240, sisi tunaona 223."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mtu anayesimamia mizani lazima aumie akiona namba ya kwenye boksi hailingani na namba ya kwenye skrini. Nilikaa naye tukafanya hesabu kwenye karatasi. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows hugawanya kwa 1,024, kisha 1,024, kisha 1,024 tena. Gawanya baiti bilioni 240 kwa namna hiyo na utapata 223.5. Hakuna kilichoibiwa, ni watu wawili wanaopima mzigo mmoja kwa vipimo viwili. Mzee alirudia hesabu mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, akaridhika. Ulikuwa muda mzuri tulioutumia, maana mzee aliyekwishaona hesabu moja ikithibitishwa mbele yake huvumilia ukimwomba asubiri kwa nyingine.

Na ilibidi asubiri, kwa sababu skrini ya kuchagulia diski ilikuwa na jambo ambalo picha ya WhatsApp haikulionyesha vizuri. Ukurasa ule una safu mbili za namba: ukubwa wote, na nafasi iliyo wazi. Diski mpya iliyotoka kwenye boksi haina jedwali lolote, wala patisheni. Huonekana kama nafasi isiyogawanywa, basi. Hii ilikuwa na patisheni moja yenye ukubwa wa 223.5, na nafasi iliyo wazi ilikuwa karibu 219. Jedwali la MBR halikujiandika lenyewe. Na patisheni tupu hutumia nafasi ndogo sana kwa ajili ya kumbukumbu zake. Haiwezi kula gigabaiti nne. Kulikuwa na mtu aliyeigusa diski ile kabla yangu, na alikuwa ameweka kitu ndani.

Hapa nataka kusema kwa nguvu, kwa sababu nimeona ofisi zikipoteza kumbukumbu za miaka kwa sababu ya jambo hili. Ukitafuta dawa ya ujumbe ule wa MBR, karibu kila maelekezo utakayoyapata yanakupeleka moja kwa moja kwenye amri fupi: fungua dirisha la amri, ita diskpart, chagua diski, andika clean, kisha ibadilishe kuwa GPT. Dawa ni sahihi. Lakini amri ya clean haiulizi kama una uhakika. Ukibonyeza, jedwali limeondoka. Zamani, kwenye diski za kuzunguka, fundi mvumilivu aliweza kurudi baadaye na kuokoa mengi, kwa kuwa data zilibaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. SSD si hivyo. Mfumo ukishaiandaa upya huiarifu kuwa vipande fulani sasa ni huru, nayo huvisafisha yenyewe kimya kimya, na hapo hakuna fundi wa Tunduma, wa Dar es Salaam wala wa ng'ambo atakayekurudishia.

"Nani aliishika diski hii kabla yangu?" niliuliza.

Walitazamana. Karani ndiye aliyekumbuka: kijana mmoja fundi, alikaa nayo pamoja na diski ya zamani, ile iliyokuwa ikigonga ndani kama inatafuna kokoto, kisha akairudisha akasema kilichobaki ni kupiga Windows. Tulimpigia, simu haikupatikana.

"Futa tu, fundi," mwenyekiti alisema. "Watu wanasubiri stakabadhi."

"Mzee wangu, naomba nafasi kidogo. Nikifuta, siwezi kurudi nyuma."

Hakujibu, lakini alirudi kwenye benchi, nami nikalichukua hilo kuwa ruhusa.

Kwenye begi langu huwa sikosi flashi yenye mfumo wa Linux unaowaka wenyewe bila kusakinishwa. Linux niliijua kupitia Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wanatuma CD za bure kwa posta popote duniani, na kwa sisi ambao intaneti ilikuwa ya kununua kwa dakika, bahasha ile ilikuwa shule. Uzuri wa kuwasha mashine kwa namna hiyo ni kwamba unaingia ndani ya kompyuta bila kuandika chochote kwenye diski yake. Unatazama tu.

Niliifungua patisheni ile. Kulikuwa na folda moja, na ndani yake folda za misimu, mmoja baada ya mwingine, zimejaa majedwali ya Excel. Karani alisogea akasoma majina. Aliweka mkono kwenye meza.

Alasiri ile kijana alipatikana kwenye simu. Alikuwa Nakonde kwa shughuli zake. Alieleza kwa utulivu kwamba diski ya zamani ilikuwa inakata roho, akaharakisha kuokoa alichoweza, na kwa kuwa hakuwa na diski nyingine ya kuwekea, akaiandaa ile mpya kwenye kompyuta yake na kuinakilia humo. Alikuwa amemwambia mhasibu wa chama. Mhasibu alikuwa safarini. Kijana huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko zote katika mkasa huu, na nilimwambia hivyo. Nakala pekee duniani ya mafaili yenye kilo za wakulima wale ilikuwa ndani ya diski ambayo kila mtu chumbani alitaka ifutwe au irudishwe dukani.

Tulinakili folda ile kwenye diski yangu ya nje, tukainakili tena kwenye flashi, kisha tukavuka barabara hadi kwenye duka la steshenari, mahali ambapo watu hutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, tukaifungua kwenye kompyuta ya pale ili kuona kama mafaili yanasomeka kweli. Karibu yote yalifunguka. Moja la msimu uliopita lilikataa. Nililiweka kando kichwani, nitalirudia.

Sasa nilikuwa na haki ya kufuta. Clean, kisha GPT, kisha Windows, nikichagua ile flashi yenye neno UEFI. Ukurasa wa diski ulipita bila ubishi. Kazi ya kunakili mafaili ikaanza, ikatembea, ikasimama. Ujumbe mpya: kosa namba 0x80070570, likimaanisha kwamba faili linalohitajika limeharibika au halipo.

"Si nilisema diski ni mbovu?" mwenyekiti alisema, na safari hii mjumbe wa bodi alimuunga mkono.

Kosa hili ni gumu kuliko lile la kwanza, kwa sababu lina washukiwa wengi. Faili la Windows lenyewe linaweza kuwa lilipakuliwa vibaya. Flashi inaweza kuwa mbovu, au ya kughushi. Kuna flashi zinazouzwa zikiwa zimeandikwa ukubwa ambao hazina, na zikijaa huanza kuandika juu ya vilivyotangulia bila kusema. Diski inaweza kuwa mbovu. Na kuna ramu, kumbukumbu ya muda ya mashine, ambayo hakuna mtu anayeikumbuka kwa kuwa haionekani popote kwenye ujumbe. Kubadilisha vyote kwa pamoja kungeweza kuipitisha kazi, na tusingejua milele ni nini kilichokuwa kibovu, wala nini kimebaki ndani ya mashine kikisubiri.

Kwa hiyo nilianza na kitu kisichogharimu chochote: kutazama inakwama wapi. Niliirudia kazi bila kubadilisha lolote. Mara ilisimama mapema, mara ilikaribia mwisho. Hilo peke yake lilikuwa na maana. Kasoro iliyoandikwa mahali, kwenye faili lililoharibika au kwenye kipande kibovu cha flashi, hukaa pale pale. Ukipita njia hiyo tena utajikwaa palepale. Kasoro inayohamahama hutoka kwenye kitu ambacho data hupitia tu: ramu, waya, au umeme usiotulia.

Nilihitaji ushahidi zaidi ya hisia. Mtengenezaji wa mfumo huchapisha, kwa kila faili la kusakinishia, alama ya SHA-256: mstari wa tarakimu na herufi 64 unaopatikana kwa kulikokotoa faili lote. Baiti moja ikibadilika, mstari wote hugeuka. Nilikuwa na faili lenyewe la Windows kwenye diski yangu ya nje. Kwanza nililikokotoa kwenye kompyuta ya steshenari. Mstari ulilingana na uliochapishwa, herufi kwa herufi. Faili lilikuwa zima. Kisha nikarudi ofisini, nikaiwasha laptopu kwa Linux, nikalikokotoa faili lile lile kutoka kwenye diski ile ile ya nje. Mstari haukulingana. Nikalikokotoa tena. Ukatoka mstari wa tatu, tofauti na yote miwili.

Nilimwita mwenyekiti nikamwonyesha mizani iliyokuwa pembeni yake. Nikamuuliza: mkipakia gunia moja juu ya mizani ile, mkasoma, mkalishusha, mkalipakia tena bila kulifungua, na mizani ikatoa uzito mwingine, mtamshitaki mkulima?

"Tutaita mtu wa vipimo," alisema.

Ilikuwa hivyo. Wakati huo ile SSD haikuwa hata sehemu ya jaribio. Faili lilikuwa linasomwa kutoka kwenye diski yangu na kukokotolewa ndani ya laptopu. Kilichokuwa kinabadilika kila mara kilikuwa ndani ya mashine yenyewe, na kilikuwepo kabla diski mpya haijafika Igamba.

Kuna programu ndogo ya bure, Memtest86+, ambayo huwaka kutoka kwenye flashi na kuandika mifumo mbalimbali ya namba kwenye kila kona ya ramu, kisha kuisoma tena kuona kama imerudi ilivyo. Umeme ulikatika jioni, na betri ya laptopu ile ilikuwa haina nguvu ya kubeba jaribio, hivyo tuliliacha hadi asubuhi. Lilipoanza, mistari myekundu ilitokea mapema. Laptopu ilikuwa na vipande viwili vya ramu, gigabaiti 4 kila kimoja. Nilitoa kimoja, nikapima kilichobaki. Nikabadilisha. Kisha nikafanya jambo ambalo mafundi wengi hulikwepa kwa kuona linapoteza muda: nikahamisha kipande kilichoonekana kibovu kwenye tundu la pili. Kosa likibaki kwenye tundu, ni tundu. Likikifuata kipande, ni ramu. Lilikifuata. Windows iliingia na kipande kimoja kizima, gigabaiti 4, na SSD ambayo watu walitaka kuirudisha Tunduma ilifanya kazi bila kusita.

Lakini hapo ndipo karani aliposema jambo lililonifanya nikae tena. Tangu msimu uliopita, alisema, kulikuwa na mafaili yaliyokuwa yakigoma kufunguka, na mashine ilikuwa ikijizima na kuwaka yenyewe. Waliambiwa ni virusi. Waliweka programu ya kuua virusi. Kisha diski ikaanza kugonga, na kila mtu akasema kumbe ilikuwa diski.

Diski ya zamani ilikuwa mbovu kweli. Hilo halina shaka. Ila haikuwa peke yake. Ramu ilikuwa ikiharibu vitu kwa muda mrefu, na kifo cha diski kilikuwa kimeibeba lawama yote. Laiti Windows ingeingia siku ile ya kwanza kwa bahati, ofisi ingeendelea kuandika kilo za watu kupitia ramu ile, ikiwa na diski mpya na moyo mkunjufu.

Nikawaza lile faili lililokataa kufunguka. Na nikawaza jambo baya zaidi: yale yaliyofunguka. Faili la Excel la siku hizi ni kifurushi kilichobanwa, na ndani yake kila kipande kina namba ya ukaguzi. Likiharibika baada ya kuhifadhiwa, kwa kawaida linakataa kufunguka, na huko kukataa ni uaminifu. Lakini namba ikibadilika ndani ya ramu kabla mtu hajabonyeza kuhifadhi, itahifadhiwa ikiwa na ukaguzi safi kabisa. Hakuna programu itakayokwambia kwamba 84 ilikuwa 80.

Nilimweleza karani na mwenyekiti hivyo hivyo, bila kuwatuliza. Na hapo nikaona kwa nini watu wa vyama hivi hawajaacha karatasi, jambo ambalo vijana wa kompyuta hupenda kulicheka. Kabatini kulikuwa na vitabu vya stakabadhi, nakala ya kaboni ya kila mzigo uliopimwa, vimefungwa kwa kamba kwa tarehe. Mwenyekiti aliviteremsha mwenyewe. Karani alisoma kutoka kwenye skrini, mjumbe akasoma kutoka kwenye kitabu, na mzee akawa anaweka alama. Kwa yale tuliyoyalinganisha nikiwa pale, jumla zilikubaliana, isipokuwa mstari mmoja ambao karani alisema anaukumbuka: alikosea mwenyewe kuuingiza na alikuwa ameandika maelezo pembeni. Faili lililokufa walilijenga upya kutoka kwenye stakabadhi baada ya mimi kuondoka. Sikuwa na la kuwafundisha kuhusu kazi hiyo.

Ninachokitaka kwa mafundi vijana wanaofungua meza zao Tunduma, Mlowo na Vwawa ni kwamba wajifunze kuuliza kabla hawajajifunza amri. Amri za diskpart mtu anazikariri asubuhi moja. Kumuuliza mteja kuna nini humu, nani alishika kabla yangu, lilianza lini, na kuandika majibu kwenye daftari kabla ya kugusa bisibisi, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Na kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, hata kama mteja amesimama nyuma yako anapumua. Anayebadilisha matatu kwa pamoja akafanikiwa hajatengeneza kitu. Amebahatika, na bahati haihamishiki kwenda kwenye mashine inayofuata.

Karani yule aliendelea. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipofikisha mwisho wa huduma za kawaida kwa Windows 10, alinipigia wiki hiyo. Laptopu yao ya 2012 haina sifa za Windows 11, ambayo kwa vichakataji vya Intel kwa kawaida huanzia kizazi cha nane na hudai kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Tulizungumza, akaamua kuweka Linux Mint na kutumia LibreOffice, ambayo inafungua majedwali yao ya zamani. Hakunihitaji niende. Alipakua faili kwa bando la usiku, akakokotoa SHA-256, akaona halilingani, akalipakua upya mpaka likalingana. Akapima ramu kwanza, bila mimi kumwambia.

Kisha akanakili folda za misimu kwenye diski ya nje na kwenye flashi, lakini hakuifuta Windows. Alimsubiri mhasibu arudi kutoka Vwawa, wakavuka barabara wote wawili hadi steshenari na vitabu vya stakabadhi kwapani, na mhasibu akafungua nakala zile kwenye kompyuta ya pale, akisoma jumla ya kila msimu kwa sauti huku karani akifuata kwa kalamu. Jumla ya mwisho ilipokubali, walirudi ofisini, na yeye mwenyewe akabonyeza kitufe cha kufuta.